UZI: Kilomita ya 16 hadi ya 30, pale marathoni inapoamuliwa bila mtu kuona

#1 Nusu ya Pili (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za marathoni ziko nyingi na karibu zote zinasimulia sehemu mbili. Kuna pale mwanzo, watu wamebanana kwenye mstari, kila mmoja kidole kiko kwenye kitufe cha saa. Kisha kuna pale mwisho, kuanzia kilomita ya 32 au 35, miguu inapogoma. Katikati inapitishwa kwa sentensi moja: "nikaendelea vizuri mpaka thelathini." Leo nataka tukae ndani ya hiyo sentensi. Kwa anayekimbia dakika tano na nusu kwa kilomita, kutoka 16 hadi 30 ni dakika 77. Zaidi ya saa nzima barabarani, na hakuna anayeieleza.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kuupinga aupinge: kinachompata mtu kilomita ya 35 mara nyingi kimeshaamuliwa kati ya 16 na 30, tena kimeamuliwa wakati akijisikia vizuri kabisa.

Angalieni hali ilivyo pale kwenye 16. Msukumano wa mwanzo umekwisha. Pumzi imetulia, jasho limeshatoka la kutosha, miguu imepata mdundo wake na huhitaji kuiambia chochote. Watu wanapita kwa utaratibu, unasikia nyayo tu, tap tap tap, na mara mojamoja chupa tupu inayopigwa teke. Mwili unakwambia leo ni leo. Hapo ndipo kasi huongezeka bila wewe kuiomba. Kutoka 5:30 unaona 5:26, halafu 5:24, na moyo unafurahi.

Tupige hesabu. Ukipunguza sekunde tano kwa kila kilomita katika kilomita hizo 14, umepata sekunde 70. Dakika moja na kidogo. Hilo ndilo pato lote. Sasa tuone gharama.

Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na kwenye ini katika umbo linaloitwa glikojeni. Kwa mtu mzima aliyekula vizuri siku za kabla ya mbio, akiba hiyo ni kama gramu 400 hadi 500, yaani kalori 1,600 hadi 2,000 hivi. Kukimbia kunagharimu takribani kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Mwenye kilo 60 atatumia kama 60 kwa kilomita, na kwa marathoni nzima yenye kilomita 42.195 atatumia kama 2,500. Sehemu ya hizo hutoka kwenye mafuta ya mwili, na mafuta hata mtu mwembamba anayo ya kumtosha. Lakini kadiri unavyoongeza kasi, ndivyo mwili unavyoegemea wanga na kuyaacha mafuta. Kwa hiyo zile sekunde ulizozipata kirahisi kwenye kilomita ya 18 umezilipia kwa wanga, na wanga huo ndio utakaoutafuta kwenye kilomita ya 36 usiuone.

Na mtu aliyeishiwa wanga hapotezi sekunde tano. Anapoteza dakika nzima kwa kilomita, wakati mwingine mbili, halafu zimebaki saba au nane.

Jambo la pili ni kula. Waliozoea wanajua kwamba tumbo la kilomita ya 18 si tumbo la kilomita ya 33. Damu nyingi imeshaelekezwa kwenye misuli na kwenye ngozi ili kupoza mwili, na utumbo umeachiwa kidogo sana. Kadiri muda unavyokwenda ndivyo tumbo linavyokataa. Ushauri wa kawaida ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na waliolizoesha tumbo lao hufika 90 kwa mchanganyiko wa aina mbili za sukari, glukosi na fruktosi. Jeli nyingi, zile pakiti ndogo za wanga laini unazofyonza ukikimbia, zina gramu 20 hadi 30. Kwa hiyo katikati ndiyo mezani penyewe, na wengi wanapapita wakisema "nitakula nikisikia njaa." Njaa ya marathoni haiji kama njaa. Inakuja kama uzito wa mapaja na mawazo mabaya.

Nitaendelea na upande wa akili, maana huko ndiko kuna mengi zaidi. Mwenye swali au pingamizi aweke.

#2 Alfajiri

Naweka kambi hapa. Mkuu, hilo la njaa kuja kama mawazo mabaya nimelisoma mara mbili. Nimekimbia miaka na sikuwahi kulisikia likisemwa hivyo, ingawa nimelipitia. Unaanza kujiuliza kwa nini ulijiandikisha, nani alikutuma. Unakunywa kitu chenye sukari, dakika kumi baadaye dunia imerudi ilivyokuwa.

Shusha hilo la akili.

#3 Pumzi Ndefu

Mleta uzi, nakuheshimu ila hapa hatuendi pamoja. Kila mtu nusu ya pili atachoka, awe amejibania au hakujibania. Sasa kama kuchoka kuko palepale, kwa nini nisitumie miguu ikiwa bado mizima, nikajiwekea dakika kadhaa mfukoni? Eliud Kipchoge alipoweka rekodi ya dunia Berlin mwaka 2022, saa 2:01:09, nusu ya kwanza alipita kwa 59:51 na ya pili akaikimbia kwa 61:18. Mfalme mwenyewe alianza na moto. Tukisema kujibania ndiyo njia pekee, tunamweka wapi?

#4 Nusu ya Pili (mleta uzi)

Mkuu Pumzi Ndefu, asante. Takwimu zako ni sahihi kabisa na mfano ni mzuri, hebu tuuangalie kwa karibu. Tofauti ya nusu zake mbili ni sekunde 87. Huyo ni mtu aliyekwenda kasi kupita kawaida nusu ya kwanza, na bado alipoteza chini ya dakika moja na nusu. Ukituchukua sisi wa saa nne, tukianza na moto kiasi kile kile kwa uwiano, hatupotezi sekunde 87.

Sasa mweke pembeni yake marehemu Kelvin Kiptum. London, Aprili 2023, alikimbia 2:01:25: nusu ya kwanza 61:40, ya pili 59:45. Chicago, Oktoba mwaka huohuo, akaivunja ile rekodi ya Kipchoge kwa 2:00:35: nusu ya kwanza 60:48, ya pili 59:47. Mara zote mbili nusu ya pili ndiyo iliyokuwa ya kasi zaidi. Ukitazama mbio zile, katikati hana haraka. Yupo na wenzake, uso umetulia, mabega yako chini. Vurugu ilianza karibu na kilomita ya 30. Alifariki kwa ajali ya gari Februari 2024 akiwa na miaka 24, na mimi hadi leo nikizungumzia katikati ya marathoni ni yeye ninayemwona kwanza. Alituonyesha kwamba kutulia kunaweza kuwa ndiyo shambulio lenyewe.

Kuhusu kuchoka kuko palepale: kuchoka, ndiyo, hakukwepeki. Ila kuna kuchoka ukiwa bado unakimbia na kuna kuchoka ukiwa unatembea umeshika kiuno. Dakika huwezi kuiweka mfukoni. Unachokuwa umeweka ni deni la wanga na la misuli, na hasa misuli ya mapaja ikiwa njia ina miteremko, kwa sababu kila hatua ya kushuka unaifunga breki kwa misuli hiyo hiyo.

#5 Pumzi Ndefu

Hapo kwenye miteremko nakupa haki. Nilikimbia njia moja ya kushuka sana mwanzoni, mapaja yakaniadhibu kuanzia 28. Kwenye mengine bado nafikiri.

#6 Soksi Mbili

Wakuu, mimi nina tatizo lingine la katikati na sijui kama ni langu peke yangu. Saa yangu ya GPS inalia kilomita imekwisha kabla sijafika kwenye kibao. Mwanzo tofauti ni hatua chache, kufika 20 ni mita mia na zaidi. Inanivuruga akili vibaya mno. Najiona kama kilomita zinaongezwa. Je, waandaaji wanapima vibaya?

#7 Nusu ya Pili (mleta uzi)

Ndugu Soksi Mbili, si lako peke yako na mara nyingi waandaaji hawana kosa. Njia iliyothibitishwa hupimwa kwa baiskeli maalumu yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, tena hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita kihalali, ukibana kila kona. Juu ya hapo huongezwa moja ya elfu, yaani kama mita 42 kwa marathoni nzima, ili njia isije ikaonekana fupi ikipimwa upya. Sisi hatupiti mstari ule. Tunakwepa watu, tunavuka kwenda kwenye meza ya maji upande wa pili, kona tunazipita kwa nje. Saa nayo hukosea kidogo kwenye majengo marefu na chini ya madaraja.

Matokeo yake ni makubwa kuliko watu wanavyofikiri. Anayetaka saa nne kamili anahitaji 5:41 kwa kilomita. Akiifuata 5:41 ya saa yake, na saa ikaja kusoma kilomita 42.5 pale mwisho, atafika saa 4:01 na ushee, akishangaa imekuwaje. Na ubaya ni kwamba hilo deni linagundulika katikati, kwenye 24 au 25, halafu mtu anaanza kulikimbiza kwa pupa.

Dawa ni mbili. Zima ile kilomita inayojihesabu yenyewe, uwe unabonyeza mwenyewe kila ukifika kwenye kibao. Au andika kwenye mkono muda wa vibao vichache na uiangalie saa kama saa tu. Mimi natumia hii ya pili. Inanipa kazi ndogo ya kufanya kila baada ya dakika kadhaa, na katikati kazi ndogo ni rafiki mkubwa.

#8 Mguu Mwepesi

Asanteni kwa uzi huu. Mimi naomba niongeze kuhusu upweke.

Mbio nyingi zinachanganya marathoni na nusu marathoni. Mnaondoka pamoja, barabara imejaa, mnapiga stori. Halafu karibu na kilomita ya 20 kuna kibao: nusu kushoto, marathoni moja kwa moja. Watu wengi sana wanakata kushoto. Ndani ya mita mia mbili barabara inakuwa tupu. Muziki na vigelegele vyote vimebaki kwenye ile kona. Unasikia pumzi yako mwenyewe na mlio wa kamba ya kiatu inayopiga kwenye ngozi ya kiatu. Mbele kuna watu watatu wametawanyika, nyuma hutaki kugeuka. Nakumbuka mtu wa kujitolea kwenye meza ya maji alisimama peke yake, akaninyooshea kikombe akaniambia "pole na kazi." Nilikuwa nimepita meza nyingi, ni ile tu ninayoikumbuka.

Kabla ya ile kona nilikuwa nimeongeza kasi kwa sababu ya zile kelele. Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ukishangiliwa kwenye 19, unaharibu kilichokuwa kinakwenda vizuri.

#9 Nusu ya Pili (mleta uzi)

Dada Mguu Mwepesi, umeandika nilichokuwa nakitafuta. (Kama nimekosea kukuita dada, niwie radhi.)

Hicho ulichokieleza kiko hata kwenye mbio kubwa kuliko zote duniani, na wenye mbio hizo wanakijua kwa jina la mahali. Boston, kabla tu ya nusu, wanafunzi wa chuo cha wanawake cha Wellesley wanapiga kelele ambazo wakimbiaji wanasema wanazisikia kabla ya kuwaona. Ukitoka hapo, kwenye 26 hivi, vinaanza vilima vya Newton, na vinne hivyo vinakufuata hadi kama kilomita ya 33. Mwaka 2023 ni kwenye vilima hivyo, karibu na 30, Kipchoge alipoachwa na kundi la mbele. Alimaliza wa sita kwa 2:09:23.

New York kuna daraja la Queensboro, kwenye 24 hadi 25. Hakuna mtazamaji juu yake. Ni nyayo na upepo tu, tena unapanda. Ukishuka unaingia First Avenue, watu wamejaa pande zote, na wakimbiaji wengi wanachomoka pale kama mbio ndiyo zinaanza, wakati zimebaki kilomita 16. London unavuka Tower Bridge kwa shangwe kubwa, ukikata kona unakutana uso kwa uso na wenye kasi wanaorudi upande wa pili wa barabara. Wao wako 35. Wewe bado hujafika nusu. Nimewahi kuwaza kwamba hakuna kona ngumu kwa roho kama ile.

Kimya na kelele, vyote viwili vinavuruga kasi. Kelele inakuongezea, kimya kinakupunguzia. Kazi ya katikati ni kuhakikisha kasi yako haipangwi na walio pembeni ya barabara.

Sasa upande wa akili niliouahidi.

Mwaka 1977 watafiti Morgan na Pollock walichapisha utafiti kuhusu wakimbiaji wa masafa marefu wa kiwango cha juu. Dhana iliyokuwepo ni kwamba mtu anavumilia marathoni kwa kuipeleka akili mbali: anajenga nyumba kichwani, anapiga hesabu, anaimba. Wakakuta wale wa juu wengi wao wanafanya kinyume. Wanausikiliza mwili. Pumzi ikoje, bega limekaza, mguu unatua wapi, kasi inalingana na hali? Wa kawaida ndio waliokuwa wakijisahaulisha.

Mimi siamini kwamba mtu aukodolee macho mwili wake dakika zote 77. Atachoka akili kabla ya miguu. Ninachofanya ni kuzunguka kila nikiona kibao: taya limelegea? Mabega yako chini? Ngumi zimefunguka? Mara nyingi nakuta kimoja kimekaza bila mimi kujua, hasa taya. Nakilegeza, naangalia muda, kisha naiachia akili itembee mpaka kibao kinachofuata. Nikiikuta imeenda kwenye 35, naiita irudi. Ya 35 haipo bado. Iliyopo ni hii ya 22, na hii ya 22 naiweza.

Halafu kuna kitu ambacho sikisikii kikisemwa. Katikati, hali ya kujisikia vibaya huja na kuondoka. Unaweza kujisikia umekwisha kwenye 19 na ukawa mzima kabisa kwenye 23, bila kubadili chochote. Wageni wa marathoni wanadhani uchovu unapanda tu kama ngazi, kwa hiyo ukija kwenye 19 wanasema basi, kama sasa niko hivi, 35 itakuwaje? Wanakata tamaa kwa hesabu isiyo sahihi. Wakati mwingine ni upepo wa mbele. Wakati mwingine ni kilima kidogo ambacho macho hayakioni lakini vigimbi vimekiona. Subiri kilomita mbili kabla ya kutoa hukumu.

#10 Soksi Mbili

Hilo la kilomita mbili nalichukua. Swali: mapigo ya moyo. Kasi yangu ni ile ile, barabara tambarare, lakini kutoka 15 hadi 28 mapigo yanapanda kutoka 150 mpaka 162. Nipunguze kasi ili yarudi 150, au niyaache? Na pili, maji. Nimeambiwa ninywe kila meza bila kuruka hata moja.

#11 Nusu ya Pili (mleta uzi)

Kupanda kwa mapigo hivyo ni kawaida. Ukitoka jasho, maji ya kwenye damu yanapungua, na sehemu ya damu iliyobaki inakwenda kwenye ngozi kupoza mwili. Moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo, kwa hiyo unaongeza idadi ya mapigo ili kazi iende. Siku ya baridi, kupanda taratibu hivyo ukiwa bado unaweza kutamka sentensi fupi, endelea. Siku ya jua kali mambo ni mengine: yakipanda mapema, punguza kasi mapema, hata kama moyo unauma kuuona muda unapotea. Jua halibembelezwi.

Maji: fuata kiu. Katika mbio kubwa meza zipo takribani kila kilomita tano, na katika nyingine karibu zaidi, lakini kuwepo kwa meza si amri ya kunywa. Wapo wanaokunywa kupita kiasi mpaka chumvi ya kwenye damu inashuka, na hilo linaua. Walipowapima wakimbiaji wa Boston ya 2002, utafiti ukachapishwa 2005, asilimia 13 walikutwa na chumvi iliyoshuka chini ya kawaida, na walio hatarini zaidi ni waliotumia muda mrefu njiani na waliomaliza wakiwa wameongezeka uzito. Fikiria hilo: umekimbia kilomita 42 na ukatoka mzito kuliko ulivyoingia. Ukiona vidole vimevimba, kichwa kinauma, unatapika na akili inachanganyikiwa, usiongeze maji. Nenda kwa wahudumu wa afya.

#12 Alfajiri

Mkuu, nikiruhusiwa. Kusoma uzi huu kumenifanya nimfikirie John Stephen Akhwari, mwanariadha wa Tanzania, kwa namna nyingine. Olimpiki ya Mexico City 1968, sote tunaijua ile picha: giza limeingia, uwanja umebaki na watu wachache, anaingia na mguu uliofungwa bandeji. Na maneno aliyoyasema baadaye kila mtu anayajua, kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza. Lakini alianguka wapi? Karibu na kilomita ya 19.

#13 Nusu ya Pili (mleta uzi)

Alfajiri, hapo umegusa moyo wa jambo.

Alianguka karibu na 19 katika msukumano wa kugombea nafasi, goti likaumia vibaya na bega likagonga chini. Mji wenyewe uko mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa 2:20:26. Akhwari alimaliza kwa 3:25:27, wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Walioanza walikuwa 75.

Dunia ilimwona kwenye mita mia chache za mwisho. Zile kilomita 23 kabla ya hapo, za goti bovu, hakuna aliyezipiga picha ya kutosha kutueleza. Kila kibao alikipita akiwa na sababu halali ya kusimama. Mimi nikimtaja Akhwari kwa watu ninaokimbia nao, nawataja nao wale 18 wasiomaliza, maana walikuwa wanariadha wa Olimpiki wenye uwezo mkubwa. Inaonyesha ilivyokuwa ngumu siku ile.

Tahadhari moja, na naiandika kwa uzito wake. Maumivu mapya yanayobadilisha namna unavyokanyaga si ya kuvumilia kwa sababu Akhwari alivumilia. Ile ilikuwa Olimpiki na alikuwa yeye. Kichomi cha ubavuni, punguza kidogo, toa pumzi nje kwa nguvu, kitaachia. Lengelenge linauma lakini halivunji mguu. Ila goti linalokufanya uchechemee kwenye 22, au kifua kinachobana, simama. Hakuna medali ya kumlipa mtu kwa hilo.

#14 Pumzi Ndefu

Nimerudi. Nimekwenda kutazama muda wangu wa vibao wa mbio zangu za nyuma. Zile nilizopita 16 hadi 25 kwa kasi kuliko mpango, zote mwisho niliporomoka. Zile nilizokuwa nyuma kidogo ya mpango, nilipita watu. Sisemi nimekubali yote, maana kwenye njia tambarare na siku ya baridi bado naona mtu anaweza kuthubutu. Lakini mkuu, hoja yako ina miguu.

#15 Nusu ya Pili (mleta uzi)

Kuthubutu nakuunga mkono, tena kwa moyo wote. Thubutu kuanzia 32.

#16 Mgeni Njiani

Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma kimya tangu post ya kwanza. Nina marathoni yangu ya kwanza wiki mbili zijazo. Mbio ndefu nimefanya, ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita 30. Lengo ni saa nne na nusu. Naogopa sana hiyo katikati kuliko hata mwisho, sijui kama ni kawaida. Nifanye nini kwa muda uliobaki?

#17 Nusu ya Pili (mleta uzi)

Marahaba, na karibu sana. Kuiogopa katikati ni dalili kwamba umeielewa.

Kwa wiki mbili zilizobaki miguu haiongezewi kitu. Punguza kilomita, lala. Usijaribu mbio ndefu nyingine ya kujihakikishia. Kitu pekee cha kufanyia mazoezi bado ni kula: katika mbio zako fupi zilizobaki tumia jeli ile ile utakayotumia siku yenyewe, ufungue pakiti ukiwa unakimbia, ujue inavyonata kwenye vidole na maji kiasi gani yanaishusha. Hapa ndipo wengi wanakwama kwenye 20, vidole vina jasho na pakiti haifunguki. Wengine huichana kidogo kwa meno kabla ya kufika kwenye meza ya maji.

Saa nne na nusu ni 6:24 kwa kilomita. Andika kwenye mkono, kwa kalamu isiyofutika kwa jasho, nyakati hizi nne: kibao cha 16, saa 1:42. Nusu, 2:15. Kibao cha 25, 2:40. Kibao cha 30, 3:12. Ukifika 16 uko 1:40, umekwenda kasi. Irudishe 6:24 taratibu, usifunge breki. Ukiwa 1:43, usiguse kitu, uko vizuri. Dakika moja ya nyuma kwenye 16 haina madhara yoyote.

Jeli ya kwanza kwenye dakika ya 40 hivi, halafu moja kila baada ya dakika 35 hadi 40, kwa maji. Usisubiri kutamani.

#18 Mgeni Njiani

Nimeandika yote. La mwisho, mkuu: kuna kundi la muongoza kasi wa saa nne na nusu, anabeba bendera. Nikae naye au niende kivyangu?

#19 Mguu Mwepesi

Nikujibu mimi, mdogo wangu. Kaa naye, ila usikae katikati ya kundi. Kwenye meza za maji kundi linabanana, watu wanasimama ghafla mbele yako, vikombe viko chini na lami inateleza. Kaa hatua ishirini nyuma, bendera unaiona. Na baada ya ile kona ya nusu, kundi likishapungua, sogea karibu nao. Hapo ndipo utakapowahitaji.

#20 Nusu ya Pili (mleta uzi)

Sina la kuongeza hapo, isipokuwa uangalie na muda wako wa mkononi. Waongoza kasi ni binadamu, wengine wanaanza mbio kwa haraka ili wawe na nafasi ya kupumua. Bendera ikipita 16 kwa 1:39, iache iende. Utaikuta.